Chaki Begani

Jumapili, 6 Oktoba
Siku ya ushindi wangu. Timu yetu imefungwa, lakini hilo ni jambo jingine.

Mechi ya timu ya taifa ya wanawake tumeitazamia kwa kinyozi, watu kumi na tisa kwenye chumba cha viti vitatu. Bao moja kwa moja hadi dakika ya themanini na nane. Shuti likapigwa, likamgonga beki wetu. Kabla refa hajaweka filimbi mdomoni, nikapaza sauti: kaunawa! Wakanizomea. Fundi viatu, jirani yangu wa baraza moja na adui yangu wa miaka saba, akasema mtu wa vifungo na zipu anajua nini kuhusu mpira.

Refa akaenda kutazama video. Kinyozi kasimamisha wembe shingoni mwa mteja. Refa, mama wa makamo, akarudi, akaonyesha penalti!

Nikawafafanulia kitaalamu: mkono unaanzia kwenye mshono wa bega. Miaka ishirini na miwili naunganisha mikono ya mashati, nisijue unapoanzia? Wakaniita Profesa. Wakanipa kiti cha mbele, kile chenye mto.

Nyumbani, mke wangu analia kwa hasira. Kumbe beki ni mdogo wake! Shemeji yangu! Yule yule tunayemwita Komeo! Kwenye televisheni ya kinyozi yenye ukungu wachezaji wote ni kama nguo kwenye kamba. Nikasema papo hapo: bega lile, bega tupu, refa hana macho. Mke wangu akanishika mkono, akasema afadhali nyumba hii ina mtu mwenye akili.

Jumatatu, 7 Oktoba
Nilipanga kukaa mbali na kinyozi. Saa nne wakaja kuniita. Profesa anatakiwa, tena na vifaa.

Nilikataa mara moja. Labda nusu mara. Nikabeba sanamu langu la kupimia nguo, nikalivalisha jezi, nikachora mstari wa chaki kwenye mshono wa bega. Chini ya hapa, mkono. Juu ya hapa, bega. Mpira uligonga hapa. Makofi! Kinyozi akarekodi kwa simu. Uso wangu haumo, nimehakikisha. Ni mikono, chaki, sanamu na sauti.

Wakati wa kutoka, fundi viatu akaniuliza mke wangu hajambo. Hajawahi kuniuliza.

Jumanne, 8 Oktoba
Video imesambaa. Muuza maji kaniigizia sauti yangu mwenyewe bila kujua ni yangu. Nimeficha chaja ya mke wangu ndani ya pipa la vitambaa. Simu yake imezima saa nane mchana. Mpango safi.

Jumatano, 9 Oktoba
Mama mkwe ana simu yake. Hilo sikulipanga.

Kaja kibandani mwenyewe. Anasema Komeo hatoki chumbani kule kambini. Kocha kampa hadi Jumamosi jioni aseme moja: anabaki kikosini au anarudisha jezi. Kinachomuumiza si refa, refa ni mtu mmoja. Ni yule mshenzi wa chaki anayewafundisha watu kumchukia. Mama mkwe angependa sana kukutana naye. Nikasema hata mimi.

Kisha akalitazama sanamu. Akauliza ile chaki begani ni ya nini. Nikasema nina mteja bega lake moja limezidi. Akaendelea kutazama. Nikashona suruali nzima bila uzi.

Alhamisi, 10 Oktoba
Mwalimu wa michezo kaja kuchukua sketi yake. Amechezesha mechi za shule miaka mingi. Nikamuuliza, kwa niaba ya rafiki, mkono unaanzia wapi. Akainua wake. Katika mpira, alisema, ni usawa wa chini ya kwapa. Juu ya hapo ni bega, mshono uwe wapi uwe wapi.

Nikapima kwenye sanamu. Vidole vinne chini ya mstari wangu! Na mpira uligonga humo humo, ndani ya vile vidole vinne. Komeo hakuunawa. Refa alikosea, na mimi nilikosea kabla yake.

Cha kufanya ni kidogo tu: niende kwa kinyozi, niseme nilikosea. Nikafikiria ule mto.

Ipo njia nyingine.

Ijumaa, 11 Oktoba
Video ya pili! Mtaalamu mpya kabisa, asiyejulikana, anamkosoa Profesa. Nimejifunga kitambaa mdomoni, nikakoroma kama mzee wa miaka tisini. Mstari mpya chini ya kwapa. Profesa ni msomi, nikasema, ila kapitiwa kidogo. Nimeirusha kwenye kundi la mtaa kwa laini mpya. Sasa Komeo yuko safi na Profesa bado ana heshima yake. Nani mwingine angeliwaza hili?

Jumamosi, 12 Oktoba
Nilisahau kioo cha wateja. Kiko nyuma ya sanamu. Nimo mzima mzima, kitambaa mdomoni, futi kamba shingoni.

Komeo kafika kwetu saa tano. Mke wangu, ambaye chaja ameshaipata, akaweka video zote mbili mezani. Mama mkwe akafunga mlango. Nilisikia saa ya ukutani, na sijui kama tuna saa ya ukutani.

Komeo akavuta ukosi wa fulana pembeni. Alama ya mpira bado ipo, imegeuka rangi ya manjano, juu ya kwapa kabisa. Akaniambia, shemeji, pima. Nikapima. Bega, nikasema. Akaniambia nirudie. Bega.

Akaitazama tena ile video ya kioo. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini. Alisema siku tano amemwogopa mtu wa chaki, alimdhania jitu. Kama wanaomhukumu ndio hawa, anarudi kambini. Akampigia kocha pale pale: anabaki.

Mke wangu hakucheka. Alinisindikiza hadi kwa kinyozi, nikasema mbele ya wote kwamba nilikosea. Kiti kapewa fundi viatu. Mto pia.

Jumapili, 20 Oktoba
Marudiano. Nimekaa kwenye ndoo karibu na mlango. Kwa haki, Komeo yuko uwanjani kwa sababu ya video yangu, ila sijamkumbusha mtu. Nimeapa kunyamaza.

Dakika ya themanini bila kwa bila. Krosi ikaja, kichwa, goli letu! Wote juu! Lakini futi kamba ilikuwa shingoni, na jicho la fundi halilali. Nikaruka hadi kwenye kioo cha televisheni, nikapima: kaotea kwa nusu inchi! Wakataka kunitoa nje. Refa akaenda kutazama video. Akarudi, akalifuta goli.

Nani atabisha? Profesa, kinyozi akasema taratibu, nao wengine wakaitikia. Wakamnyanyua fundi viatu, wakanirudishia kiti. Nikakaa vizuri kwenye mto, ndipo nikauliza mfungaji alikuwa nani.

Fundi viatu ndiye aliyenijibu: shemeji yako. Kisha akaniuliza mke wangu hajambo.