Rangi Huwa Sizioni: Hotuba ya Mwenyekiti Kuhusu Uteuzi wa Mwalimu Mkuu

Mheshimiwa Meya, wajumbe wenzangu watukufu wa Bodi ya Elimu ya Kaunti ya Tolliver hapa Alabama, wachungaji wa makanisa ya Wazungu na ya Weusi, kocha wetu kipenzi, walipa kodi, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa! (Makofi ya mstari wa mbele.)

Mimi, Garland Stubblefield, mwenyekiti wenu kwa ridhaa yenu, natangaza kifua mbele kwamba mchakato wa wazi, shirikishi na jumuishi wa kumpata mwalimu mkuu wa sekondari yetu unakwenda vizuri mno, na kwamba rangi ya mwombaji haiulizwi wala haitazamwi, kwani mimi binafsi rangi huwa sizioni. (Sauti ya mama: "Basi kapimwe macho, baba!" Kicheko.)

Taratibu, Mama Pettway. Binti yako Odessa ameikaimu nafasi hiyo vyema... (Mama: "Daktari Pettway! Kasomea, hakuokota!") ...naam, Odessa, na ufaulu umepanda kwa asilimia arobaini, jambo linalotokana na uongozi wangu. (Miguno.) Kesho atafanyiwa usaili kama mwombaji mwingine yeyote. Ila kigezo chetu kikuu, kilichoboreshwa kitaalamu, ni "kuendana". (Kijana: "Kuendana na nani? Wanafunzi karibu wote ni Weusi!") Kuendana, ndugu yangu, hakuna mizani, ni hali ambayo wajumbe huisikia moyoni, hasa tukicheza gofu. Na msiseme tunambagua Odessa, jamani, wakati picha yake ndiyo tuliyoiweka kwenye jalada la kijitabu chetu cha usawa!

Usawa oyee! (Mtu anapiga miayo.) Uwazi oyee! (Mtu anakohoa.)

Mwisho, nawashukuru kina mama wa kanisani kwangu kwa keki, na mafundi waliokwisha kubandika mlangoni jina la Bwana Todd Haverkamp, Mwalimu Mkuu. Bwana Haverkamp, simama wakuone! (Mzungu kijana anasimama, uso mwekundu. Mama Pettway: "Ama kweli hamna haya!" Dkt. Pettway anachukua mkoba wake na kutoka. Viti vinakwaruza, ukumbi unamfuata.)

Jamani, mbona mnaondoka? Usaili wa kesho uko palepale! Odessa, usichelewe, tunakutegemea umtembeze Bwana Haverkamp, maana hata geti la shule halijui!