Hita ya Prudensia na Kidude cha Kopo la Vifungo

Jumatatu, 12 Januari

Wewe Gaudence! Najua ni wewe. Nani mwingine hufungua daftari la bibi yake? Kutoka kwako Plano mpaka hapa Grand Prairie karanga za mfukoni haziishi, na tangu Krismasi sijaona hata kivuli chako. Ukija unakula, unasoma siri zangu, unaondoka. Aibu! Haya, soma. Ndizi zimo sufuriani.

Baridi inakata masikio. Hita ya gari la mama yako inapuliza hewa ya friji. Prudensia karudi kutoka kazini hospitalini anatetemeka, akatangaza kwamba hita isipopona, Jumapili hakuna Houston.

Hakuna Houston! Mtoto wa dada yako Queen abatizwe mimi nikiwa huku? Kwetu mtoto hutoka kanisani mikononi mwa bibi mzee kuliko wote. Nisipofika, atambeba Wacuka, mama mkwe wa Queen. Tena ameshapiga simu, sauti asali tupu, kuuliza kama mifupa yangu itaiweza safari. Mifupa yangu!

Jumanne, 13 Januari

Nimefungua boneti mwenyewe. Kulanti, maji ya kupozea injini, imejaa. Feni ya hita inanguruma. Ila mshale wa joto umelala chini kama mlevi, hata gari likitembea mpaka DeSoto na kurudi. Prudensia anataka kulipeleka gereji. Nikamwambia asithubutu. Watagundua.

Watagundua nini? Hakuna kitu. Ni hivi tu: Agosti gari lilichemka, nikamwambia Vital, jirani yetu Mkongo, aitoe thamostati. Marehemu babu yako aliendesha malori Mwanza hadi Bukoba, na lori likiingia mikononi mwake cha kwanza kung'olewa ni hiyo. Kidude cha kuzibia maji njia, cha nini? Vital alikataa. Nikampikia sombe, kisamvu cha kwao. Akakubali. Mama yako hajui. Kidude kimo kwenye kopo langu la vifungo, na hakihusiani na hita hata kidogo.

Alhamisi, 15 Januari

Mbinu ya babu yako! Nimekata boksi la televisheni, nikalifunga kwa kamba mbele ya rejeta, upepo usipenye. Asubuhi, joto! Prudensia kaniita mama kipenzi. Nikampigia Wacuka, nikamwambia mikono yake aipumzishe.

Mchana Texas ikawa Texas. Jua likawaka, watu wakavua makoti, na gari likachemka kwenye foleni ya Dallas, mvuke mpaka angani. Prudensia kanipigia. Hakusema kipenzi. Aliuliza nani kaweka boksi. Nikasema labda upepo. Akauliza upepo ulijifunza lini kufunga fundo.

Jumamosi, 17 Januari

Vital kaja. Kawasha injini ikiwa ya baridi, kashika mpira wa juu wa rejeta, kashika wa chini. Yote miwili ikapata uvuguvugu pamoja. Akasema maji yanakimbilia rejeta kabla injini haijapata moto, sasa hita ipate wapi? Akanitazama. Mimi nikatazama mawingu.

Prudensia akauliza basi shida nini. Vital, maskini, akasema, "Kuna kitu hakiko, Maman Pru." Kimekwenda wapi? akauliza mama yako. Vital akajifuta mikono. Mama yako akasema basi safari imekufa.

Nikamwona mawazoni Wacuka na mtoto wetu mlangoni mwa kanisa, anapigwa picha. Nikaingia ndani, nikatoka na kidude. Nikasema nimekiokota kwenye nyasi.

Kilikuwa na kifungo cha blauzi yangu kimenasa.

Mama yako alikibandua kile kifungo, akanirudishia mkononi. Afadhali angepiga kelele. Vital akakitia kwenye sufuria ya maji ya moto jikoni, kukipima. Kikafunguka taratibu kama mdomo wa Wacuka. Kizima kabisa! Akakirudisha, akajaza kulanti, akatoa hewa kwenye mipira. Akasema hata Agosti hakikuwa na kosa, kulanti ndiyo ilikuwa imevuja. Fundi gani huyu, hajui malori.

Jumapili, 18 Januari, Houston

Tumefika! Hita kali, nilivua shali njiani. Mtoto katoka kanisani mikononi mwangu, akanikojolea. Baraka. Wacuka alilia kweli, akanishika kiwiko tusiteleze ngazini. Si mtu mbaya.

Masikini, analalamika gari lake linachemka kwenye foleni za huku, na mafundi wamemchosha. Nimemwambia aachane nao, kuna kidude tu ndani cha kung'oa. Pasaka analileta kwetu.

Gaudence, Pasaka usikose. Njoo na spana namba kumi, uifiche ndani ya soksi. Mama yako asiione.