Sensei wa Wiki Tatu

"Kijapani? Kijapani ni Kiswahili kilichopotea njia!"

Ndivyo alivyotangaza fundi mkuu wa kiwanda cha kushona sare, mkono kiunoni, bisibisi nyuma ya sikio. Alikuwa amejifunza kwa wiki tatu, kwenye simu. Wiki ya kwanza haijaisha, akajipa cheo cha Sensei, yaani mwalimu, na asiyemwita hivyo hakutengenezewa cherehani!

"Sikilizeni: a, i, u, e, o! Ka, ki, ku, ke, ko! Kuna kigeni gani hapo? Tumezaliwa nayo mdomoni haya!"

Kwa hilo hakukosea, na balaa lilianzia hapohapo. Matamshi yake yalikuwa safi kabisa, kila silabi imenyooka kama pindo la suruali mpya. Alichokosa ni kitu kidogo tu: maana. Alisoma kama kasuku aliyetunukiwa shahada.

Mtunza stoo wa kiwanda hicho alikuwa shemeji yake, mke wa mdogo wake. Yeye alikuwa na miaka miwili ya kujifunza, daftari na kamusi, kila jioni akishatoka kazini.

"Shemeji," alimwambia, "hizo herufi unazosoma ni hiragana, za kuanzia. Kuna katakana, za maneno ya kigeni. Halafu kuna kanji, na hizo ni maelfu."

"Hizo nyingine ni mapambo," Sensei akajibu. "Wajapani wanapenda maua."

Na hakuwa anatania! Akikutana na kibao cha mashine, alisoma zile herufi za mviringo alizozijua na kuzivuka nyingine zote, kama mtu anayechomoa zabibu na kuacha mkate. Kisha anatikisa kichwa kwa busara.

Sasa, kiwanda kilikuwa kimepokea cherehani mpya kumi na mbili kutoka Japani, na mtaalamu mmoja mzee wa huko alikuwa anakuja kumchagua msimamizi wa mashine hizo. Sensei alishamwambia mkewe, mama mkwe na kinyozi kwamba cheo ni chake. Koti jeupe la usimamizi alishalishonesha, na jina limetariziwa kifuani.

Siku ikafika. Mzee aliingia, mdogo wa umbo, mpole, akasimama kwenye meza ya kukatia vitambaa. Shemeji akamsogelea kwanza na daftari lake. Akazungumza polepole, akikwama hapa na pale, kisha akaonyesha kibao cha mashine na kumwambia kwamba neno lile halijui. Mzee akamchorea herufi moja baada ya nyingine.

"Aibu gani hii!" Sensei akafoka. "Mgeni hata hajapumua, unamwuliza maneno! Kaa pembeni uone wanaume wanavyoongea."

Akampiga kumbo shemeji yake na kujibandika ubavuni kwa mzee. "Hajimemashite!" akamsalimu, yaani nafurahi kukufahamu.

Loo, ilitoka tamu hiyo! Macho ya mzee yakang'aa. Akaamini amempata mwenzake, akafungulia Kijapani kama bomba lililopasuka. Sensei hakuambulia hata tone.

"Hai!" akajibu, yaani ndiyo.

"Anasemaje?" akauliza meneja wa kiwanda, aliyesimama kando yao.

"Anasifu kiwanda chetu."

Mzee akasema tena, uso umekunjamana kidogo.

"Arigato!" Sensei akashukuru, akainama.

"Na sasa?"

"Sasa ananisifu mimi."

Mzee akasema mara ya tatu, taratibu, meno yamekazwa. Sensei akamjibu "Hai!" ya nguvu zaidi. Hapo mzee akavuta karatasi, akaandika mistari michache kwa hiragana tupu, zile wanazoandikiwa watoto wa darasa la kwanza, akamkabidhi.

Jamani, alisoma! Alipandisha, akashusha, akapumzika penye kituo, mkono mmoja hewani. Washonaji wakasimamisha mashine zao na kupiga makofi. Meneja mwenyewe alisisimka.

"Maana yake sasa?"

"Maana yake..." Sensei akakohoa. "Maana yake ni ndefu."

Meneja akaichukua karatasi na kumpa shemeji. Akaisoma kimya, akauma mdomo.

"Nisamehe, shemeji," akasema. "Inasema hivi: 'Bwana huyu ana sauti nzuri, lakini haelewi anachosoma. Mashine mpeni huyu mama, kwa sababu asipojua huuliza. Huyu bwana atazivunja huku akishukuru. Tena, tafadhali, mwambieni kwa lugha yenu: nimemwomba mara tatu aondoe mguu wake. Hata ninapoandika haya, bado amenikanyaga.'"

Macho yote yakashuka sakafuni.

Buti la Sensei, namba arobaini na tano, lilikuwa limetulia juu ya kiatu cha mzee. Akaliinua polepole, jasho likimchuruzika hadi kwenye lile jina la kifuani.

"Arigato," mzee akasema.

Hilo Sensei alilielewa.