Hewa Yako Inanipunguzia Jua

Kwa Mkuu wa Idara ya Hali ya Hewa,

Ndugu Mkuu,

Naandika kiofisi, ndiyo maana leo sikuiti shemeji.

Kwa miaka kumi na tisa nimelipima Jua kwa mawimbi ya redio, kwa ile sahani kubwa nyuma ya karakana yetu. Majuzi niliripoti kwamba siku za mvua Jua hupungua nusu. Bosi wangu alivua miwani, akasema kama ni kweli tungekuwa tumeshaganda. Amenipa mpaka Ijumaa nijieleze kwa maandishi, la sivyo nahamishiwa stoo ya misumari. Nimetafakari sana. Jua halina kosa. Mimi sina kosa. Katikati yetu kuna hewa yako.

1. Unyevu wa hewa yako ya chini unameza mawimbi. Yametoka kwenye Jua salama salimini, yaje kuporwa mlangoni kwangu?

2. Asubuhi hewa hiyo huyapinda. Hesabu zasema Jua liko hapa, mawimbi yasema liko juu kidogo. Nimwamini nani?

3. Mawingu yako hutoa mawimbi yao yenyewe, nami nayapima nikidhani ni ya Jua. Mtu mzima kufanyiwa hivyo si vizuri.

4. Hili ndilo limeniuma. Nilipokuwa likizo mvua ilinyesha wiki nzima, na fundi mwenzangu akalipata Jua zima. Niliporudi, mvua ya kwanza tu, nusu. Kumbe hewa yako haina ugomvi na Jua, ina ugomvi na mimi. Nashuku ni yale niliyosema kwenye harusi yako.

Naomba utie sahihi ungamo nililoambatisha, na siku za kazi hewa hiyo uipeleke ng'ambo ya mji. Naogopa, shemeji. Sijui kazi nyingine.

Nisalimie dada yangu, wapwa zangu, na mama mkwe wako, yaani mama yangu.

Ni mimi,
Mpima Jua (mpaka Ijumaa)

Tanbihi: Fundi mwenzangu kanikuta nafunga bahasha, akauliza koti langu la mvua liko wapi. Liko pale pale ninapolianika kila mvua ikininyeshea njiani: kwenye mdomo wa kipokezi cha mawimbi, mbele ya sahani, maana joto lote hukusanyika hapo na nguo hukauka upesi. Yeye hutumia mwavuli. Kwa hiyo lile ungamo lichane. Ila ukikutana na bosi wangu kabla ya Ijumaa, mwambie ni unyevu. Si uongo, koti lilikuwa limelowa chapachapa.