Kupanda kwa Kantengwa Asiyebeba Kitu

Tegeni masikio, enyi mliochoka na habari za wafalme na majemadari. Enyi akina mama wa Kashojwa, kambi yetu ya wakimbizi hapa Uganda, mnaopepeta maharagwe, nanyi wanaume mnaojifanya hamsikilizi. Nawe Mwenyezi Mungu, uliyempa hata punda maneno siku alipoyahitaji, nipe na mimi pumzi ya kutosha niyaseme yaliyotendeka Jumapili ile juu ya kilima, maana niliyaona kwa macho yangu mawili, na kuna watu wameanza kuyasimulia vibaya.

Namtangaza Kantengwa, mjane kama mimi, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, Kantengwa wa magoti yanayolia kama mlango wa kanisa, ambaye alipanda kilima hana mzigo kichwani, hana jembe begani, wala mtoto mgongoni.

Chanzo cha vita kilikuwa hiki. Binti yake wa pekee, Munezero, alipokelewa Ufaransa, akawekwa katika kijiji cha Alsasi, nchi ya mizabibu, na huko anaosha vyombo katika nyumba ya wazee. Katika nchi hiyo, anatuambia, kuna njia zilizopasuliwa katikati ya mashamba ya zabibu, kilima baada ya kilima, na kila nguzo imepakwa rangi ili mpitaji asipotee. Watu wazima, wenye magari yao nyumbani, huamka wakavaa buti, wakashika fimbo mbili mbili ingawa si vilema, wakatembea kutoka kijiji cha divai hadi kijiji kingine cha divai, kisha wakarudi walikotoka. Hawatafuti mbuzi aliyepotea. Hawamkimbii mtu. Sisi tuliotembea kutoka Rutshuru, kule Kongo, hadi mpakani na magodoro kichwani, tulipoelezwa jambo hilo, tuliuliza kwa heshima kama wanalipwa.

Munezero alikuwa na moyo mzito, na muuguzi wa huko alimwambia atembee katika njia hizo kila Jumapili. Akatembea. Ila siku moja akapiga simu, na kwa kuwa Kantengwa husikiliza simu kwa sauti kubwa, nami nikasikia.

"Mama, niko karibu kuacha. Batu ba huku banasema bonjour, banapita. Hata mumoja haniulize naenda fasi gani, naenda wapi. Jumapili nitabaki mu nyumba, nifunge na rido."

Tukajua maana yake, maana wako wengi waliofunga pazia mchana na hawakulifungua tena. Kantengwa akasimama, akakaza kitenge, akanena maneno haya:

"Jumapili utapanda. Wewe na kilima chako, mimi na changu, na simu itatushika mikono. Wewe usipopanda, mimi nitafika juu peke yangu, na mbuzi wa watu watanishuhudia."

Ndipo shujaa akaenda Mbarara kutafuta silaha za miguu. Sokoni akamkuta Nasuru, bwana wa marundo ya viatu vya mitumba, ambaye humpokea kila mteja kana kwamba walinyonya ziwa moja. Nasuru akainua buti moja juu ya umati kama mtu ainuaye upanga.

"Maama, hii imetoka Ulaya. Milima yote ya huko imepanda. Wewe kazi yako ni kuingia ndani na kunyamaza. Yenyewe inajua njia."

"Ni kubwa," akasema Kantengwa.

"Haiko kubwa, maama. Mguu ndiyo bado haijafika."

Akazinunua, akazijaza soksi.

Jumapili ikafika. Tulipotoka ibadani nilimpa shauri la vita. "Mama Munezero, beba hata jerikeni. Hapa kwetu mtu asiye na mzigo ni mtu mwenye siri. Ukishika jerikeni watasema anaenda maji, na maneno yataishia hapo."

"Nikishika jerikeni na siendi maji, nimesema uongo kwa mkono," akajibu. "Na leo nimekula meza ya Bwana."

Nilichukua mwavuli, nikamfuata kama mbeba ngao.

Hatukuwa tumefika mbali na nyumba zetu, tukafika kwa Gradi, fundi baiskeli, Gradi wa jicho lisilolala, ambaye hajawahi kukosa mgao wowote, uwe wa unga, wa sabuni au wa vyandarua. Alikuwa amekaa mlangoni akichokonoa meno.

"Mama Munezero, unaenda fasi gani?"

"Natembea."

"Miguu naiona. Unaenda fasi gani?"

"Juu. Kisha nitarudi."

"Kufanya nini?"

"Kutembea tu, Gradi."

Gradi akaacha meno. Nilimwona akipima mambo: mikono mitupu, basi itarudi imejaa, buti mpya, basi safari ni ya maana, simu mkononi, basi ameitwa. Na saa yenyewe ni ile ambayo watu wote wako kwenye sahani. Kwa mtu aliyekaa kambini, hesabu hiyo ina jibu moja: juu kuna mgao. Aliingia ndani akatoka na kadi ya chakula mfukoni na beseni chini ya kwapa, akaja nyuma yetu.

Shujaa hakugeuka. Alikuwa amekwisha kumpata binti yake, na ndani ya kioo cha simu tukaona mizabibu imepangwa mistari kama watoto wa shule asubuhi, na uso wa Munezero umefunikwa na kofia. Basi vita vikaanza. Mawe yalimshambulia Kantengwa kutoka chini, miiba kutoka kando, jua kutoka juu, na buti za Nasuru, zilizodai kuijua njia, zilitaka kila mara kwenda njia yao. Magoti yalilia, hakuyasikiliza. Nilipogeuka mara ya kwanza niliona Gradi. Nilipogeuka tena, Kashojwa ilikuwa inapanda.

Kantengwa alifika kwenye mwamba wa juu, akasimama. Papo hapo Gradi akaweka jiwe nyuma ya kisigino cha shujaa, kama ilivyo desturi yetu siku za mgao: jiwe lako ni wewe, nawe waweza kwenda kivulini na hakuna atakayechukua nafasi yako. Nyuma ya jiwe la Gradi likawekwa jingine, na jingine, mpaka mstari ukateremka kilimani kama mkia wa mamba.

Huko juu alikuwako Herbert, askari wa kambi ya jeshi ya Mbarara, aliyekuwa likizo akichunga ng'ombe wa baba yake. Alipouona mstari, mkono wake wenyewe ukainua fimbo.

"Line moja. Wamama mbele. Wewe, toa hiyo mbuzi." Alipokwisha kuunyoosha akauliza, "Hii line ni ya nini?"

"Bado hatujajua, afande," akasema Gradi. "Lakini mimi ni wa pili."

Wakati huohuo simu ikasema kwa sauti ndogo, "Mama, nimeikala ku banki, ku kiti ya njiani. Kilima ingali murefu. Naona nishuke."

Uso wa Kantengwa ukabadilika. Miiba haikuweza kuubadilisha, wala jua. Akawageukia watu.

"Hapa hakuna kinachogawanywa. Kuna mtoto wangu tu, anapanda peke yake huko Ulaya, na sasa amechoka. Sikumwita mtu. Niliulizwa, nikajibu ukweli."

Mwanamke mwenye beseni jekundu akasema, "Basi mimi nimeacha maharagwe kwenye moto kwa sababu ya ukweli." Manung'uniko yakashuka mstarini, jiwe kwa jiwe. Wengine waliinama kuchukua mawe yao, nami nikashika mwavuli vizuri.

Lakini Gradi hajawahi kufika mbele ya mstari akarudi mikono mitupu. Alinyoosha mkono, akapewa simu.

"Munezero, ni mimi Gradi, jirani ya mama yako. Unaenda fasi gani?"

Nilisikia upepo wa huko ukipita kwenye majani ya zabibu.

"Juu, papa," akasema. "Ku kanisa kadogo."

"Kufanya nini?"

"Natembea tu."

"Kumbe ni ugonjwa wa nyumba yenu. Sasa mbona umekaa? Mtu aliyekaa anasemaje anaenda?"

Hapo niliona alivyo mtoto wa mama yake. Alikuwa amesema anaenda juu, na amekaa; neno limekuwa uongo makalioni pake. Akasimama. Mizabibu ikaanza tena kupita nyuma ya kofia yake.

Gradi akampa simu wa beseni jekundu. "Mwanangu, unaenda fasi gani?" Naye akajibiwa, akampa wa nyuma. Simu ikateremka mstarini, kila mtu mbele ya jiwe lake, kila mtu na swali lilelile, na wengine wakaongeza kama amekula, kama kuna baridi, kama zabibu hizo ni za nani na kwa nini hachumi. Herbert alikuwa wa mwisho. "Madamu, unaenda wapi?" akauliza kwa sauti ya kizuizini.

"Nimefika, afande," ikasema simu, na nyuma yake kengele ikalia. Alikuwa anacheka.

Hivyo ndivyo Kantengwa alivyotwaa vilima viwili kwa siku moja, na damu haikumwagika isipokuwa ya malengelenge. Aandikaye mambo ya Isingiro, wilaya yetu, aandike na hili. Mawe hakuna aliyeyaondoa. Jumapili iliyofuata, tulipotoka ibadani tukapanda, tulikuta watu wamesimama tayari, kila mmoja kwenye lake, na Gradi alikuwa wa pili.