Kipande cha Mkurugenzi Hakilazwi Kichwa Chini

Waraka Namba Moja ulibandikwa ukutani Jumatatu asubuhi, kwa gundi nyingi kuliko ilivyohitajika, nao ulitangaza hivi: kuanzia saa mbili kamili ya siku hiyo, mabaki ya bati yamepigwa marufuku katika Karakana Kuu ya Serikali, na yeyote atakayeonekana akibakisha atachukuliwa hatua kali.

Mabaki yenyewe hayakujua kusoma. Yaliendelea kulala nyuma ya karakana, rundo lililofika usawa wa dirisha la stoo, kutu juu ya kutu. Lakini serikali ni serikali. Ikisema kitu kimekwisha, kimekwisha, hata kama unajikwaa juu yake ukienda kunywa chai.

Silaha ya vita hivyo ilikuwa Programu ya Kupanga Vipande. Na tusiidharau jamani, ilikuwa kitu cha maana. Unaipa kompyuta maumbo ya vyote unavyotaka kukata: ubavu wa kabati, bamba la toroli, kibao cha barabarani. Yenyewe inavigeuza, inavipindua, kidogo inakichomeka kwenye upenyo wa kikubwa, mpaka bati zima linaenea, kama fundi cherehani anavyobananisha mikono na kola kwenye kitambaa cha mteja bahili. Ikimaliza, mashine inakata.

Fundi mkuu wa kukata alikuwa mama mmoja aliyeitwa Bi Rula, kwa sababu ya rula ya chuma aliyoichomeka kiunoni kwa miaka ishirini na saba. Kazi hiyo hiyo ya kompyuta yeye aliifanya kwa chaki na vigezo vya kadibodi, amepiga magoti juu ya bati. Watu walidhani ataichukia programu. Wapi!

"Ina akili," alimwambia Mtaalamu, bwana mmoja mwenye miwani mbili aliyeajiriwa kuiendesha. "Inafikiri kama mimi, ila yenyewe haina magoti ya kuuma."

Wiki ya kwanza mabaki yalishuka kutoka asilimia thelathini hadi tisa. Bi Rula aliyahesabu mabati yaliyookolewa, akayapanga pembeni, akayafunika kwa turubai, maana alikuwa na lake moyoni.

Lake lilikuwa Agizo Namba 118: milango kumi na miwili ya vyoo vya shule ya msingi. Lilikaa kwenye faili miaka miwili likisubiri bati. Shule ilikuwa na vyoo, kuta zilipakwa rangi vizuri kabisa, milango ndiyo haikuwepo. Wasichana walikwenda wawili wawili, mmoja akisimama nje ameshika kitenge. Mjukuu wa Bi Rula, aliyekuwa darasa la tatu, alikuwa ameacha kunywa maji asubuhi ili asibanwe mchana. Mtoto wa miaka tisa, midomo imekauka kama ya mgonjwa! Jambo hilo lilimkera Bi Rula kuliko maneno yote ya ofisini.

Siku ya tisa Mkurugenzi akashuka kutoka ghorofani. Alisimama mbele ya kompyuta, mikono nyuma.

"Hiki ni nini?"

"Ni kibao chako cha maegesho, mkuu," alisema Mtaalamu.

"Mbona kiko kichwa chini?"

"Kinaenea vizuri zaidi hivyo. Na hapo kwenye kona tumepata nafasi ya sikio la ndoo."

Mkurugenzi akainamisha kichwa mpaka akakisoma cheo chake.

"Yaani mimi," Mkurugenzi alisema taratibu, "niko kichwa chini, na juu yangu kuna sikio la ndoo?"

"Chini yako, mkuu," Bi Rula akarekebisha. "Ila kwa kuwa umepinduliwa, ndiyo, juu."

Kamati ya Itifaki ya Vipande iliundwa alasiri hiyo hiyo, ikaketi siku tano pamoja na vitafunio. Ilizaa Waraka Namba Mbili, wenye kurasa kumi na moja, ambao hata maadui wa Mkurugenzi walikiri kwamba umechapwa vizuri. Kwamba kipande chenye cheo, jina au sura ya kiongozi hakitapinduliwa, hakitalazwa ubavu, hakitakatwa, hakitakunjwa, wala hakitang'olewa pale kilipofungwa, isipokuwa kwa kikao cha kamati. Kwamba vipande vikae kwenye bati kwa vyeo, wakubwa katikati. Kwamba kipande cha idara moja kisigusane na cha idara nyingine bila barua. Na kwamba kipande kidogo kisiingie kwenye upenyo wa kikubwa, kwani huko ni kujipendekeza.

Mtaalamu akaziingiza kanuni zote. Programu ilifikiri dakika arobaini, jambo ambalo haikuwahi kulifanya, kisha ikatoa bati moja kubwa lenye kibao kimoja cha maegesho katikati. Mabaki: asilimia sitini na nne.

"Safi," alisema Mkurugenzi. "Sasa angalau kinapumua."

Rundo nyuma ya karakana likafika juu ya dirisha, na stoo ikabidi iwashe taa mchana. Ndipo ukatoka Waraka Namba Tatu, ulioeleza kwamba ongezeko la mabaki limesababishwa na mtazamo hasi wa fundi mkuu, naye ajieleze kwa maandishi ndani ya siku saba. Aidha, mabati yaliyofichwa chini ya turubai yatumike mara moja kutengeneza vibao kumi na viwili vya kumkaribisha Waziri, anayekuja kuzindua rasmi mwisho wa mabaki.

Bi Rula aliusoma mara mbili, akainama kujifanya anafunga kamba ya kiatu. Alilia kidogo, akajifuta kwa kiganja chenye chaki. Jioni nyumbani mjukuu alimpokea mkoba.

"Bibi, milango bado?"

"Bado, mke mwenza."

"Basi na kesho sinywi maji."

Aliyasema bila kununa, kama mtu anayetaja siku ya wiki. Bi Rula hakula vizuri. Lakini mtu aliyepanga vipande miaka ishirini na saba haachi kupanga kwa sababu amekasirika.

Asubuhi alipanda ghorofani mwenyewe.

"Mkuu, vibao vya Waziri unavitaka vya saizi gani?"

"Vikubwa. Sura yangu, cheo changu, na chini yake: Karibuni, Tupo kwa Ajili Yenu."

"Basi kwa sura yako mimi ningeshauri urefu mita moja na tisini, upana sabini. Ndiyo saizi ya mtu mzima mwenye heshima zake."

Mkurugenzi akajitazama kwenye kioo cha kabati. "Umeanza kubadilika, mama. Na hivi vitundu vya pembeni kwenye mchoro?"

"Vya kufungia, mkuu. Upepo hauna adabu."

Akasaini.

Vibao vilikatwa, vikapakwa rangi, vikapendeza kwa kweli. Siku ya uzinduzi nguzo zilikuwa bado kwenye zabuni, kwa hiyo wafanyakazi kumi na wawili walivishika kwa mikono kando ya barabara, kila mmoja amejificha nyuma ya tabasamu la bosi wake. Msafara wa Waziri ulipita kasi, vioo vimefungwa. Alikata utepe, akasifu, akaondoka. Vibao vikarudishwa stoo, na Wakurugenzi kumi na wawili wakaegemea ukuta wakitabasamu.

Baada ya wiki mbili ikaja barua kutoka wizarani. Iliuliza swali la utovu wa adabu: mabaki ya mabati ya uzinduzi ni asilimia ngapi?

"Ngapi?" Mkurugenzi akamuuliza Mtaalamu.

"Vibao vyenyewe havina kazi tena, mkuu. Kwa hiyo ni mabaki vyote. Mia."

"Punguza."

"Kwa waraka upi?"

Ndipo ukazaliwa Waraka Namba Nne: kila kilichomo stoo kiingizwe kwenye programu, nayo ikitafutie kazi katika maagizo ambayo hayajatekelezwa. Bi Rula mwenyewe ndiye aliyepima vile vibao, akivitaja kwa sauti ya kawaida, Mtaalamu akiandika. Programu husoma vipimo, sura haizijui. Haikuchukua hata dakika moja: vipande kumi na viwili, vinatosha kama vilivyo, bila kukata, bila kupindua. Agizo Namba 118. Mabaki: sifuri.

Mtaalamu akavua miwani moja, akavaa nyingine, akamtazama Bi Rula. "Wewe mama!"

"Mimi nini? Kompyuta ndiyo imesema."

Mkurugenzi alipelekewa ripoti. Aliliona neno sifuri, akasaini palepale, akaagiza soda kwa wote. Vibao vikatoka na mkokoteni.

Sifuri hiyo ilimshangaza Waziri. Akaleta salamu kwamba anataka kuona kwa macho yake mabati hayo yalikokwenda. Mkurugenzi alivaa suti mpya. Mwalimu mkuu aliwapokea, akawapitisha kando ya madarasa, akawapitisha nyuma ya madarasa, akasimama.

Pale palikuwa na vyoo kumi na viwili, na milango kumi na miwili yenye bawaba na komeo, na kwenye kila mlango Mkurugenzi alitabasamu kifua mbele. Karibuni, Tupo kwa Ajili Yenu.

Mlango mmoja ukafunguka, akatoka msichana wa darasa la tatu. Akaurudishia vizuri, akawaamkia wageni.

Waziri akamuuliza mtoto, akimnyooshea kidole Mkurugenzi aliyekuwa anachuruzika jasho. "Huyu unamfahamu?"

Mtoto akamtazama, akageuka kuutazama mlango, akarudi kumtazama.

"Ndiyo. Ni yule wa choo cha tatu."

Waziri akakohoa sana. Wasaidizi wake nao wakashikwa na kikohozi.

"Ing'olewe!" Mkurugenzi akapasua sauti. "Leo hii! Yote!"

Bi Rula, aliyeitwa kama fundi wa mradi, akatoa karatasi zilizokunjwa mfukoni. "Hakuna anayekataa, mkuu. Ila Waraka Namba Mbili unasema sura ya kiongozi haing'olewi ilipofungwa mpaka kamati iketi."

"Mwenyekiti wa kamati ni nani?" aliuliza Waziri.

"Ni yeye mwenyewe, mheshimiwa. Lakini ukurasa wa nane unamkataza kuketi kwenye kikao kinachohusu sura yake, na bila mwenyekiti kamati haiketi."

Waziri akausoma ukurasa wa nane, akautikisia kichwa kwa heshima. "Umechapwa vizuri," alisema.

Kesho yake asubuhi, kabla ya shule, mjukuu alikunywa kikombe cha maji amesimama, akaomba cha pili.

"Polepole, mke mwenza," Bi Rula alisema akimmiminia. "Hawaendi popote wale."