Mimi, Jaji wa Kijiji cha Kompyuta

Jumatano, 4 Juni
Mpwa wangu kaenda kwenye mitihani, harudi mpaka Ijumaa. Kaniachia kompyuta yake na mchezo uliomo: kijiji alichokijenga mwaka mzima. Jumamosi anakipeleka mashindanoni. Mshindi anachukuliwa kufunzwa kazi na watengenezaji wa michezo. Waamuzi wanatazama kitu kimoja tu, ari ya wanakijiji. Kaniomba nikiache kijiendee, nisiguse sheria. Nikamwambia samaki hafundishwi kuogelea. Anamwambia nani? Mimi niliyemfanya chatu aombe radhi mbele ya mashahidi!

Kumbe wanakijiji kawapa majina yetu. Shemeji, yaani baba yake, kamfanya mpishi, kipenzi cha wote. Na Mjomba, yaani mimi? Mzoa takataka! Sifa yake: “maneno mengi”.

Nimejivua ufagio. Nimejipa ujaji.

Alhamisi, 5 Juni
Shemeji wa kijijini kadokoa mkate! Kwa sheria ya mpwa, mdokozi anaomba radhi, anaosha vyombo, yamekwisha. Hiyo ni sheria au chekechea? Nimejenga jela, nimemtia ndani. Wakati wa chai nikampasha habari shemeji wa kweli. Akacheka mpaka akapaliwa, akauliza, sasa nani atapika? Wivu tu.

Ila kweli, nani atapika? Wanakula viazi vibichi. Kila mmoja ana kipimo chekundu cha msongo wa mawazo kichwani, kikijaa anapasuka kwa hasira. Seremala kapasuka, kavunja meza. Jela. Mkewe kalia hadharani. Jela, kwa kelele.

Mchana Mjomba naye kadokoa mkate. Nimesikiliza kesi kwa makini. Hana hatia, alikuwa anaukagua. Vipimo vya kijiji kizima vikapanda papo hapo. Watu hawa hawapendi haki!

Dada kachungulia, kasema, kaka, hao hawaugui njaa, wanaugua wewe. Mambo ya utawala hayajui, masikini.

Ijumaa, 6 Juni
Nimewafanya wakulima wote askari. Nusu ya kijiji inalinda, nusu inalindwa, shamba wameachiwa kunguru. Ili kushusha msongo nikaandaa sherehe. Chakula hakuna, kwa hiyo sherehe ya hotuba. Yangu. Sijafika katikati, watatu wamepasuka, ghala linawaka! Askari wakafungua jela kwa mikono yao wenyewe. Wakahama wote, Shemeji mbele kama bwana harusi.

Kabaki Mjomba kwenye kiti cha ujaji. Nikatazama ari ya kijiji: asilimia mia! Haijawahi kufika huko. Nikahifadhi haraka, juu ya kijiji cha zamani, historia isipotee.

Jioni mpwa karudi. Nikamwonyesha ile mia. Akauliza watu wako wapi. Nikamjibu, waasi wale, achana nao. Akatafuta nakala yake ya zamani, hakuiona. Akasema taratibu, Mjomba, nilikuomba kitu kimoja tu. Kisha akalia, na si kwa kelele, kwa hiyo sikujua nimhukumu kwa kosa gani.

Jumapili, 8 Juni
Waamuzi jana walimrudisha mlangoni. Eti mtu mmoja si kijiji. Ajaribu mwakani. Leo kaanza kijiji kipya. Nimechungulia begani kwake: Mama yumo, Baba yumo, hata paka yumo. Mjomba hayumo. Haraka za vijana, kasahau.

Nyumbani wamenuna. Dada ananipakulia chakula bila kunitazama. Msongo mtupu, na chanzo nakijua: mpwa alinionea huruma, akanipa kijiji kidogo. Kipaji kikubwa hubanwa na uwanja mdogo.

Bahati nzuri, wapangaji wa jengo letu wanatafuta mwenyekiti wa kusuluhisha ugomvi wa bomba la maji. Nimejitokeza. Nimewaeleza kwamba nimetoka kuongoza kijiji, na kwamba nilipomaliza, hapakuwa na mtu hata mmoja wa kulalamika. Wamepiga makofi, wamenichagua.

Kesho asubuhi naonana na fundi wa kuchomelea vyuma. Nataka nondo nene.